Kupima Kiwango cha Mbolea Kinachofaa Michikichi ya Nishati: Mwongozo kwa Wakulima wa Kigoma

Mkulima wa Kigoma anayeuliza mchikichi utiwe kilo ngapi za mbolea mara nyingi hujibiwa kwa viwango vilivyopatikana Malaysia na Indonesia, nchi ambazo mvua hunyesha karibu kila mwezi na kufikia milimita 2,000 au zaidi kwa mwaka. Kigoma mjini hupata takribani nusu ya mvua hiyo, na kuanzia Juni hadi Septemba mti huishi kwa unyevu uliobaki ardhini. Mti wenye kiu hauwezi kutumia mbolea yote ambayo mti ulioshiba maji ungeitumia, kwa hiyo kiwango kinacholeta faida huko kinaweza kuleta hasara Simbo, Mwandiga au Ilagala. Njia ya uhakika ni kupima katika shamba lako mwenyewe, kwa ploti zilizotiwa viwango tofauti na kwa daftari linaloandikwa bila kuruka, na kazi hiyo haihitaji zaidi ya mizani, rangi, kamba na uvumilivu wa miaka mitatu.

Mwongozo huu unamhusu mkulima anayekusudia mafuta ya mawese yaende kwenye nishati, ama kwa sehemu ama yote. Mafuta ya mawese yakichanganywa na methanoli pamoja na kichocheo kama magadi makali ya sabuni, hugeuka kuwa dizeli ya mimea na gliserini, na kilo 100 za mafuta hutoa takribani kilo 100 za dizeli. Kwa mkulima wa namna hii, kipimo cha mwisho ni lita za mafuta kwa ekari baada ya kutoa gharama ya mbolea. Makuti yenye kijani kizito yanapendeza macho, lakini hayaingii kwenye pipa.

Kabla ya hatua yoyote: muda wa mti

Jambo linaloharibu majaribio mengi ya mbolea kwenye michikichi ni haraka ya kutoa hukumu, na ndiyo maana naliweka mbele ya mengine yote. Katika kwapa la kila kuti huchipuka shada moja la maua, nalo huwa la kiume au la kike. Ni la kike tu linalokuwa mkungu. Jinsia ya shada hilo huamuliwa takribani miaka miwili kabla ya mkungu kuvunwa, wakati ambapo shada lenyewe bado limejificha ndani ya kichwa cha mti. Mti ukiwa na njaa au kiu wakati huo huelekea kutoa mashada mengi ya kiume. Miezi kadhaa kabla ya kuchanua, shada changa linaweza pia kufa na kuoza bila mwenye shamba kuliona. Likinusurika na kuchavushwa, huchukua miezi 5 hadi 6 kukomaa.

Maana yake ni kwamba mbolea uliyoweka Novemba mwaka huu haiwezi kuongeza idadi ya mikungu ya mwakani, kwa sababu sehemu kubwa ya idadi hiyo imekwisha kuamuliwa. Kinachoweza kubadilika mapema ni uzito wa kila mkungu. Idadi hufuata baadaye, katika mwaka wa pili na wa tatu. Mkulima anayeacha mbolea baada ya mwaka mmoja kwa kuwa hakuona mikungu mingi zaidi ameacha kabla jibu halijafika. Naye anayesifu mbolea kwa sababu mikungu iliongezeka miezi minne baada ya kuiweka anaisifu kwa kazi iliyofanywa na mvua za miaka miwili iliyopita.

Hatua ya kwanza: chagua miti inayolinganishika

Chagua sehemu ya shamba yenye miti ya umri mmoja, mbegu moja na udongo wa aina moja. Usichanganye michikichi ya kienyeji ya dura, yenye kokwa nene na nyama kidogo, na michikichi ya tenera ambayo kokwa lake ni jembamba na nyama yake ni nyingi. Tangu mwaka 2018, Serikali ilipoanza msukumo wa kufufua zao hili, miche mingi ya tenera imesambazwa kutoka kituo cha Kihinga cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) na mashamba mengine ya mbegu, na hivyo vijiji vingi sasa vina aina zote mbili zimesimama bega kwa bega. Tofauti ya mafuta kati ya aina hizo mbili ni kubwa kiasi kwamba inaweza kufunika kabisa athari ya mbolea unayoitafuta.

Miti iliyokwisha kuzaa kwa mwaka mmoja au miwili ndiyo inayofaa zaidi. Ikiwa bado unapanda mahindi au maharage katikati ya mistari, subiri mpaka uache, kwa sababu mbolea ya mahindi itanyonywa na mizizi ya michikichi na kuvuruga hesabu yote.

Hatua ya pili: pima udongo na majani

Chukua udongo kwa kina cha sentimita 0 hadi 20, kisha 20 hadi 40, katika sehemu zisizopungua 10 za shamba, uchanganye kila kina peke yake, na upeleke sampuli maabara kupitia afisa ugani wako. Uliza hasa juu ya uchachu wa udongo, potasiamu na magnesiamu.

Majani hueleza mengi kuliko udongo, kwa sababu yanaonyesha kile ambacho mti umefanikiwa kukipata. Kwa mti mzima hupimwa kuti la 17. Kuti la 1 ni lile changa kabisa ambalo vijani vyake vyote vimefunguka. Kuti la 9 liko chini yake karibu katika mstari uleule, na la 17 liko chini ya la 9, kwa kuwa makuti ya mchikichi hupangika kwa mizunguko ya nane nane. Kata vijani vichache vya katikati ya kuti hilo kwa kila mti unaopimwa. Kwa mti mzima, viwango vinavyotumika sana kama mpaka wa upungufu ni takribani asilimia 2.3 hadi 2.5 ya nitrojeni, asilimia 0.15 ya fosforasi, asilimia 1 ya potasiamu na asilimia 0.24 ya magnesiamu katika uzito mkavu. Kipimo kilicho chini ya hapo kinaonyesha kirutubisho cha kushughulikia kwanza. Kirutubisho kilichopungua kuliko vyote ndicho kinachoweka kikomo cha mavuno, na kuongeza kingine chochote kabla yake ni kupoteza fedha.

Macho nayo yanasaidia, ingawa hayatoshi. Upungufu wa nitrojeni hufanya makuti yote yafifie kuwa ya manjano iliyopauka. Upungufu wa potasiamu huleta madoa ya rangi ya machungwa kwenye makuti ya chini. Upungufu wa magnesiamu hugeuza makuti ya zamani kuwa ya manjano yenye wekundu upande unaopigwa na jua, huku sehemu iliyofunikwa na kivuli cha kijani kingine ikibaki ya kijani, na alama hii ya kivuli haina mfano wake. Vijani vyenye ncha zilizojikunja kama ndoana ni dalili ya upungufu wa boroni. Fosforasi hujificha: haiachi rangi ya wazi kwenye makuti, bali hudumaza mti na kufanya shina lake lipungue unene kadiri linavyopanda.

Hatua ya tatu: pata viwango kwa hesabu ya kile kinachoondoka

Badala ya kunakili viwango vya mbali, anza na mavuno yako. Tani moja ya mikungu mibichi huondoka shambani na takribani kilo 3 za nitrojeni, nusu kilo ya fosforasi, kilo 3.7 za potasiamu na kilo 0.8 za magnesiamu. Tuchukulie ekari yenye miti 58, yaani nafasi ya mita 9 kwa pembetatu, inayotoa tani 4 za mikungu kwa mwaka. Ekari hiyo hupoteza kilo 12 za nitrojeni na karibu kilo 15 za potasiamu kila mwaka.

Sasa zigeuze kuwa mbolea. Urea ina asilimia 46 ya nitrojeni, kwa hiyo kilo 12 zinahitaji kilo 26 za urea. Mbolea ya potashi inayoitwa MOP huandikwa 60 kwenye mfuko, lakini namba hiyo ni ya oksidi; potasiamu yenyewe ni takribani nusu ya uzito, hivyo kilo 15 zinahitaji kilo 30 za MOP. Gawanya kwa miti 58, na utapata karibu nusu kilo ya urea na nusu kilo ya MOP kwa kila mti. Hicho nakiita kiwango cha kurejesha: kinalipa kile kilichochukuliwa na mikungu tu, wala hakigharamii ukuaji wa shina wala kile kinachosombwa na mvua.

Viwango vya jaribio lako viwe hivi: ploti ya kwanza isitiwe urea wala MOP, ya pili itiwe kiwango cha kurejesha, ya tatu mara mbili ya hicho, yaani kilo moja na kilo moja, na mwenye shamba kubwa aongeze ya nne yenye mara tatu. Virutubisho vingine vibaki sawa kwa ploti zote, hata ile ya kwanza: kwa mfano robo kilo ya TSP, ambayo ni mbolea ya fosforasi, kwa mti kwa mwaka, au mbolea ya Minjingu kama udongo wako ni wenye uchachu, kwa kuwa fosforasi ya Minjingu huyeyuka vizuri zaidi katika udongo wa namna hiyo, na pale dalili zinapoonekana, gramu 350 za kieseriti kwa ajili ya magnesiamu na gramu 50 za boraksi kwa ajili ya boroni. Jaribio hili linapandisha nitrojeni na potasiamu kwa pamoja, kwa hiyo halitakuambia ni ipi kati ya hizo mbili iliyofanya kazi. Anayetaka kujua hilo aongeze ploti yenye urea pekee na nyingine yenye MOP pekee.

MOP haipatikani kirahisi katika maduka mengi ya pembejeo, ambayo hujaza mbolea za mahindi. Wakulima wa tumbaku wa Kasulu, Kibondo na Tabora wanaifahamu NPK 10-18-24, nayo inaweza kushika nafasi yake: kilo moja na robo ya mbolea hiyo pamoja na robo kilo ya urea hukaribia sana nitrojeni na potasiamu ya kiwango cha kurejesha. Hata hivyo fosforasi nayo itapanda kila kiwango kinapopanda, na jambo hilo lazima liandikwe daftarini, maana hapo utakuwa unapima virutubisho vitatu.

Hatua ya nne: gawa ploti

Ploti moja iwe na miti 16, yaani mistari minne yenye miti minne. Miti inayopimwa ni ile 4 ya katikati tu. 12 ya pembeni hutiwa mbolea ileile lakini haipimwi, kwa sababu mizizi yake huvuka na kunywa kutoka ploti ya jirani. Amua kwa kura ni ploti ipi ipate kiwango kipi. Mkulima akichagua kwa jicho, mara nyingi huupa udongo mzuri mbolea nyingi bila kukusudia, na jibu hupinda kabla jaribio halijaanza.

Ekari moja inatosha ploti tatu. Kwa kuwa ploti moja ya kila kiwango haiaminiki peke yake, ungana na majirani wawili au zaidi wenye miti ya umri na mbegu ileile, kila mmoja akiweka seti kamili shambani kwake. Vikundi vya wakulima na vyama vya ushirika vinaweza kuifanya kazi hii vizuri kuliko mtu mmoja mmoja. Kisha pimeni mavuno ya ploti zote kwa miezi 6 hadi 12 kabla ya kuweka mbolea, ili mjue ploti ipi ilikuwa mbele tangu mwanzo.

Hatua ya tano: weka mbolea kwa wakati wake

Gawa mbolea ya mwaka mara mbili: nusu kuanzia katikati ya Novemba, mvua zikishatulia na udongo kulowana, na nusu nyingine Februari au mwanzoni mwa Machi. Usiweke chochote baada ya Aprili. Palilia duara la shina, kisha tawanya mbolea kwa wembamba kuzunguka ukingo wa duara hilo, mita moja hadi mbili kutoka kwenye shina, badala ya kuirundika chini ya mti. Urea ifukiwe kidogo kwa jembe, kwa sababu ikilala juu ya udongo sehemu ya nitrojeni yake hupaa hewani kama amonia. Kwenye miteremko usiweke mbolea wingu kubwa linapokaribia.

Pima kila mbolea kwenye mizani mara moja na uweke alama kwenye kopo. Kila mbolea iwe na kopo lake, kwani kopo moja la urea halina uzito sawa na kopo lilelile la MOP.

Makuti yaliyopogolewa yabaki shambani katika mistari, yasichomwe. Mikungu mitupu inayobaki baada ya kuchambua chikichi ina potashi nyingi mno: tani moja mbichi hukadiriwa kuwa na potasiamu sawa na ya kilo 19 za MOP. Ekari yenye tani 4 za mavuno inaweza kurudishiwa karibu nusu ya potashi iliyoondoka, bila kununua chochote, iwapo mikungu mitupu itarudishwa. Inasikitisha kuiona ikichomwa kando ya mashine za kukamulia huku wenye mashamba wakitafuta potashi kwa shida. Ndani ya jaribio, hata hivyo, irudishwe kwa usawa katika ploti zote au isirudishwe kabisa.

Hatua ya sita: pima ukuaji

Kila baada ya miezi 6, paka rangi kuti la 1 la kila mti unaopimwa, na kipimo kinachofuata uhesabu makuti mapya yaliyo juu ya alama. Mti mzima ulio katika hali nzuri hutoa takribani makuti 20 hadi 24 kwa mwaka. Pima pia upana na unene wa shina la kuti la 17 pale kijani cha chini kabisa kinapoanzia, kisha uzidishe namba hizo mbili. Eneo hilo huitikia mbolea mapema kuliko mavuno, na kwa hiyo katika mwaka wa kwanza ndicho kipimo cha kutegemea. Usikifanye kuwa hukumu. Nitrojeni nyingi inaweza kukupa makuti mapana yanayotiliana kivuli, nayo potashi nyingi isiyo na magnesiamu huzuia mti kuichukua magnesiamu iliyopo. Ukiona manjano yenye wekundu ya upungufu wa magnesiamu ikizidi katika ploti yenye kiwango cha juu pekee, hiyo ndiyo sababu ya kuitazama kwanza.

Hatua ya saba: pima mavuno, kisha mafuta

Vuna kila baada ya siku 10 hadi 14, ukikata mkungu ulioanza kudondosha chikichi chini ya mti. Kwa kila mti andika idadi ya mikungu na uzito wa kila mmoja, pamoja na chikichi zilizookotwa. Idadi na uzito viandikwe katika safu mbili, maana ukiandika jumla pekee hutaweza kuona kama mbolea ilinenepesha mikungu au iliiongeza.

Mara nne kwa mwaka, kamua mikungu ya kila kiwango peke yake na upime lita zinazopatikana. Hapa ndipo zao la nishati linapotofautiana na maneno ya wauza mbolea: potashi ya MOP huongeza uzito wa mikungu, lakini klorini iliyomo inaweza kupunguza kidogo asilimia ya mafuta ndani yake, kwa hiyo tofauti ya lita huwa ndogo kuliko tofauti ya kilo. Mikungu ya viwango vyote ichemshwe ndani ya muda uleule baada ya kukatwa, ikiwezekana siku hiyohiyo au inayofuata. Desturi ya kuilundika siku nyingi ili chikichi zilegee hupandisha asidi katika mafuta, na mafuta yenye asidi nyingi yakikutana na magadi makali hutoa sabuni badala ya dizeli.

Hatua ya nane: amua kiwango

Baada ya mwaka wa tatu, chukua wastani wa mwaka wa pili na wa tatu kwa kila kiwango. Usiulize kiwango kipi kimetoa mavuno mengi kuliko vyote. Uliza kila hatua ya kupanda imeongeza nini. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, ploti isiyotiwa urea wala MOP imetoa kilo 2,400 kwa ekari, kiwango cha kurejesha kilo 3,300, mara mbili kilo 3,700, na mara tatu kilo 3,750. Hatua ya kwanza imeongeza kilo 900, ya pili 400, ya tatu 50. Kila hatua imegharimu mbolea ileile, kilo 29 za urea na 29 za MOP, pamoja na usafiri na kibarua. Zidisha nyongeza ya kila hatua kwa bei ya mikungu kijijini kwako, au kwa lita za mafuta ulizopima, kisha ulinganishe na gharama hiyo. Katika mfano huu hatua ya tatu haiwezi kujilipa kwa bei yoyote ya kawaida, na hatua ya pili itategemea bei ya mbolea ya msimu, ikiwemo ruzuku kwa aliyejiandikisha.

Kwa nishati kuna hesabu ya pili. Mbolea ya nitrojeni hutengenezwa kwa nishati nyingi, hasa ya gesi asilia, na sehemu ya nitrojeni inayotiwa udongoni, inayokadiriwa kwa kawaida kuwa asilimia 1, hutoka kama oksidi ya nitrojeni, gesi inayopasha joto angahewa takribani mara 270 kuliko uzito uleule wa kaboni dioksidi. Kilo 100 za nitrojeni, kwa kadirio hilo, huacha athari ya zaidi ya kilo 400 za kaboni dioksidi kutoka udongoni pekee. Kwa hiyo kilo za urea zisizoongeza lita za mafuta humtia mkulima hasara na pia huiondolea dizeli ya mimea sababu ya kupendelewa kuliko ile ya kuchimbwa. Penye shaka kati ya viwango viwili vinavyokaribiana, chagua cha chini kwa upande wa urea, na fedha iliyobaki inunue potashi au magnesiamu kama majani yamedai hivyo.

Kiwango ulichokipata kisambazwe kwenye shamba zima, lakini ploti zenyewe zisivunjwe. Pima majani ya kuti la 17 kila mwaka katika mwezi uleule, na mavuno yakipanda kwa tani moja kwa ekari, rudia hesabu ya hatua ya tatu, kwa sababu tani hiyo nayo imeondoka na kilo zake 3 za nitrojeni na karibu 4 za potasiamu.